Picha za Koloseo zinapokataa kuungana: dalili, chanzo na tiba

Koloseo, uwanja wa kale wa maonyesho ulioko Roma, huzitesa programu za kuunganisha picha kuliko majengo mengi, na chanzo kiko kwenye jengo lenyewe. Limejengwa kwa umbo la yai, urefu mita 189 hivi na upana mita 156, kwa hiyo ukuta wake unapinda kila mahali. Ghorofa tatu za chini zilikuwa na matao 80 kila moja, yote yakifanana. Kimo kinakaribia mita 48, na barabara na uzio vinakulazimisha usimame karibu kiasi kwamba picha moja haitoshi. Upande mzuri zaidi, wa kaskazini, ambako ukuta wa nje bado umesimama, hukaa kivulini sehemu kubwa ya mchana huku anga juu yake likiwaka. Na watu hawaishi kupita.

Basi ukifika nyumbani, ukaingiza picha zako kwenye programu, ukabonyeza kitufe na kikatoka kitu cha ajabu, usikimbilie brashi ya kuziba. Tafuta kwanza kosa limezaliwa wapi. Fungua picha za asili moja moja kwa asilimia 100 na uangalie mahali penye kasoro. Kama kasoro ipo humo, imetoka kwenye upigaji. Kama picha za asili ni safi lakini panorama mbichi, yaani picha pana iliyotoka kwenye kuunganisha ambayo hujaigusa rangi, ina kasoro, imetoka kwenye uunganishaji. Kama panorama mbichi nayo ni safi, imeingia wakati wa kuhariri. Kasoro hutibiwa pale ilipozaliwa. Mshono mbaya ukiufunika kwa brashi, utaonekana tena ukiongeza ukali wa picha au ukiikuza kwa kuchapishwa.

Mifano ya hapa inatoka kwenye programu ya Hugin, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inakuonyesha kila inachofanya. Programu za kulipia zina vitufe vyenye majina mengine, lakini hesabu ni ileile.

Tao limepotea, au tao moja limetokea mara mbili

Hii ndiyo kasoro ya hatari kuliko zote, maana haionekani. Picha inatoka imenyooka, mishono safi, rangi nzuri, kumbe jengo limepungua tao moja.

Programu huunganisha picha kwa kutafuta nukta zinazofanana katika picha mbili zinazopakana. Hizo ndizo nukta za kuoanisha. Kwenye mlima au mtaa wa kawaida kazi hiyo ni rahisi, kwa kuwa kila sehemu ina sura yake. Kwenye Koloseo programu inaona tao, nusu-nguzo, tao, nusu-nguzo, na tao la picha ya pili linaweza kulinganishwa na jirani wa lile la picha ya kwanza. Mpishano, yaani sehemu inayoonekana katika picha zote mbili, ukiwa mdogo ndiyo hatari inakuwa kubwa, maana programu inabaki na tao moja au mawili tu ya kufanyia uamuzi.

Kuna njia nzuri ya kukagua, na ilichongwa na wajenzi wenyewe. Juu ya matao ya chini ziliandikwa namba za milango kwa tarakimu za Kirumi, ili kila mtazamaji ajue aingilie wapi. Kati ya matao 80, 76 yalikuwa na namba, na manne ya kwenye ncha za mihimili miwili ya jengo hayakuwa nazo. Zilizobaki hadi leo ni kuanzia XXIII hadi LIIII, yaani 23 hadi 54, zote kwenye ule ukuta wa kaskazini. Fungua panorama kwa ukubwa kamili na uzisome moja baada ya nyingine. Zikiruka au kujirudia, programu imekosea. Jihadhari na mambo mawili: nne imeandikwa IIII, wala si IV, hivyo mlango wa 44 ni XLIIII, na kati ya 38 na 39 kuna tao lisilo na namba kabisa. Hilo lilikuwa mojawapo ya malango makuu. Limo kweli, usilihesabu kuwa kosa.

Ukishajua mahali palipokosewa, fungua dirisha la nukta za kuoanisha na uzitazame picha mbili mbili. Futa kila nukta iliyounganisha tao na jirani yake, kisha weka zako kwa mkono, tano au sita kwa kila jozi, zikitawanyika juu, chini na pembeni. Zisiwekwe kwenye kona za matao, maana kona zote zinafanana. Ziwekwe kwenye vidonda vya jengo. Mawe ya travertino ya ukuta ule yamejaa mashimo yaliyoachwa na watu wa Zama za Kati walipong'oa vibanio vya chuma vilivyoyashikanisha mawe. Hakuna nguzo mbili zenye mashimo ya mpangilio mmoja. Shimo moja lenye ukingo uliomeguka, ufa, au jani lililoota kwenye kiungo cha mawe ni nukta bora kuliko kumi zilizochaguliwa na mashine.

Baada ya hapo iambie programu ikokotoe upya na usome umbali wa makosa, yaani nukta mbili za kila jozi zimeachana kiasi gani. Wastani chini ya pikseli tatu unaridhisha. Ukiona nukta nyingi ziko kwenye pikseli mbili na moja iko kwenye arobaini, hiyo moja inadanganya. Ifute na ukokotoe tena. Futa pia zote zilizokaa kwenye mawingu na kwenye watu, kwani vyote viwili vilisogea kati ya picha na picha. Kwa mawingu Hugin ina kisafishaji chake, Celeste, kinachoziondoa nukta za angani chenyewe.

Safari ijayo, acha picha zipishane kwa asilimia 30 hadi 40, na piga kwa mfuatano bila kurukaruka. Ukianza mfululizo piga picha ya kiganja chako, ukimaliza piga tena. Matao yakishakuwa mamia kwenye kompyuta, viganja hivyo ndivyo vitakavyokuambia seti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Nguzo imekatika, uzio umevunjika vipande

Hapa chanzo ni paralaksi. Inyooshe kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja kisha jingine: kidole kinaruka, ukuta wa nyuma umetulia. Kamera inayosogea kati ya picha na picha inaona hivyo hivyo.

Hesabu inaonyesha kwa nini wengi hulalamikia picha za ndani kuliko za nje. Chukua kamera ya megapikseli 24 yenye sensa kamili na lenzi ya milimita 35, ukiishika wima. Upana wa picha ni nyuzi 38 hivi katika pikseli 4,000. Tuseme wakati wa kuzunguka umeisogeza lenzi sentimita 5. Kitu kilicho umbali wa mita 100 kitahama kama pikseli tatu, na programu itakimeza. Kitu cha mita 30 kitahama pikseli kumi hivi. Lakini reli ya kuegemea iliyo mita moja mbele yako itahama karibu pikseli 300, na hakuna hesabu itakayoilinganisha reli na ukuta wa nyuma kwa wakati mmoja.

Wengi wanazungusha kiwiliwili huku mikono imenyooshwa. Kamera inachora duara pana, na sentimita 5 hupitwa mara moja. Zungusha kamera mahali pake, wewe ndiye uizunguke, lenzi ibaki juu ya nukta ileile ya ardhi. Kwa simu ni hivyo hivyo: ifanye simu iwe mhimili. Nje, tripodi yenye kichwa cha panorama inamaliza tatizo. Ndani ya Koloseo tripodi haiingii bila kibali, kwa hiyo jifunze kuzungusha kwa mkono.

Kama picha zimeshapigwa, chagua upande. Weka nukta zote za kuoanisha kwenye ukuta wa mbali na usiweke hata moja kwenye reli. Ukuta utakaa sawa, reli itavunjika. Kisha kwenye kichupo cha maski, pale unapochora eneo la kuchukuliwa au kuachwa, iamuru programu ichukue reli kutoka picha moja tu katika kila sehemu, na mshono upite mahali pasipo na mstari mrefu, kwenye kivuli au kwenye nafasi kati ya nguzo mbili za reli. Reli ikiendelea kugoma, kata sehemu ya chini ya picha. Kupoteza reli ya kisasa si hasara.

Ukuta umevimba katikati, ncha zimeshuka

Sehemu ya uvimbe huo ni ya kweli, kwa kuwa jengo limepinda. Sehemu nyingine imeongezwa na projeksheni, yaani namna programu inavyotandaza kwenye karatasi bapa kile ulichokiona kwa kugeuza shingo. Zitenganishe hizo mbili kabla ya kunyoosha chochote.

Ukisimama mita 30 mbele ya ukuta wa kaskazini, usawa mmoja nao, jengo linachukua nyuzi 100 na kidogo kutoka ncha hadi ncha, na kilele kiko nyuzi 57 juu ya macho yako. Ukirudi hadi mita 60, upana unashuka hadi nyuzi 80 na kilele hadi nyuzi 38. Hizo nyuzi 20 zinabadilisha kila kitu.

Projeksheni bapa huiacha mistari iliyonyooka ikiwa imenyooka, na kwa sababu hiyo watu wa majengo huipenda. Bei yake inalipwa pembeni. Nyuzi 40 kutoka katikati vitu vinavutwa upana kwa mara 1.7, nyuzi 50 vinavutwa mara 2.4. Matao ya katikati yatakuwa membamba na ya pembeni mapana kama malango. Projeksheni ya silinda haivuti pembeni, lakini mstari mlalo ulio juu ya usawa wa macho inaupinda, na mkanda wa juu wa ukuta uliokwisha kupinda wenyewe unapinda maradufu. Kwa upana wa nyuzi 80 mimi hutumia bapa. Kwa nyuzi 100 na zaidi natumia Panini, ambayo inaiweka mistari wima ikiwa wima na inapunguza mvuto wa pembeni. Hugin inayo kwenye orodha ya projeksheni. Itazame kwenye dirisha la onyesho la haraka, ubadilishe, ulinganishe, uchague kwa macho.

Kuna programu zenye kitufe cha kuvuta kingo ili zijaze fremu pasibaki weupe. Kwenye bahari na milima sina ugomvi nacho. Kwenye jengo hili kikwepe, maana hukunja ukuta sehemu moja zaidi ya nyingine, na umbo la yai lililopimwa na wajenzi wa makaisari wa Roma, Vespasiano na mwanawe Tito, linageuka kuwa umbo lisilokuwepo. Kata weupe, au ubaki nao.

Jengo linaanguka nyuma, ardhi inapanda na kushuka

Ardhi yenye mawimbi inamaanisha programu haijui juu ni wapi. Kamera ilikuwa imeinuliwa, na hakuna aliyeiambia ipi ni mistari wima. Chagua nusu-nguzo tatu au nne, moja karibu na kila ncha na nyingine katikati, uweke jozi za nukta za mstari wima juu na chini ya kila moja, kisha kokotoa. Nguzo za taa za barabarani nazo zinafaa. Kitufe cha kunyoosha kinafanya kazi vizuri mara nyingi, ila kikiwa na safu moja iliyoinuliwa sana hukosea.

Kuanguka nyuma kunatibiwa na nukta hizohizo, lakini usinyooshe hadi mwisho. Macho ya mtu aliyesimama chini ya ukuta wa mita 48 yanategemea uegemee kidogo. Ukinyooshwa kabisa unaonekana mzito juu, kama unaokudondokea. Tena kwa mita 30 pikseli za kule kileleni zinavutwa zaidi ya mara tatu kwenda juu, na ghorofa ya nne inafifia hata kama lenzi ni kali. Dawa ya kufifia huko ni kurudi nyuma. Mita 60 safu moja iliyoinuliwa nyuzi 15 inatosha kwa ile lenzi ya milimita 35 niliyoitaja. Mita 30 unahitaji safu mbili, moja ya usawa na nyingine iliyoinuliwa nyuzi 38 hivi.

Kasoro ambayo si kasoro

Watu hupoteza jioni nzima wakinyoosha kitu ambacho kweli kimeinama. Mwisho wa ukuta wa nje, upande wa mashariki, kuna egemeo la matofali la Raffaele Stern, lililomalizika mwaka 1807 wakati ukuta ulikuwa ukielekea kuanguka. Stern aliziba matao kwa matofali na kuyakamata mawe palepale yalipokuwa yamefikia katika kuteleza. Ukikuza picha utaona jiwe la katikati ya tao limeshuka chini ya wenzake, na mistari haikutani. Mshono haujakosea. Hivyo ndivyo ukuta ulivyo.

Vivyo hivyo upande wa magharibi, ambako egemeo la Giuseppe Valadier la miaka ya 1820 limerudia matao kwa matofali, na rangi inabadilika ghafla kutoka travertino kwenda wekundu. Programu ya kusawazisha rangi inaweza kuliona badiliko hilo kama tofauti ya mwanga na kujaribu kulifuta. Na pale ukuta wa ghorofa nne unapokoma na jengo kushuka hadi pete ya ndani iliyo fupi, kimo hakijapotelea kwenye mpishano: ukuta wa nje wa kusini uliporomoka kwenye tetemeko la mwaka 1349. Kabla ya kurekebisha chochote kwenye maeneo haya matatu, rudi kwenye picha ya asili.

Anga lina mistari ya mwanga na giza

Kamera ilikuwa ikijiamulia mwangaza. Ikielekea anga tupu ilipunguza, ikielekea matao yenye giza iliongeza, na kila mpaka wa picha ukabaki na alama. Wakati wa kupiga, weka tundu la lenzi, kasi ya shata, ISO, fokasi na mizani ya rangi kwa mkono, vyote vitano, usiguse hadi umalize mfululizo.

Simu ni ngumu zaidi. Hata ukifunga mwangaza kwa kubonyeza skrini kwa muda, simu nyingi bado huchakata kila picha kivyake, zikiinua vivuli hapa na kushusha anga pale. Kama simu yako inapiga RAW, yaani faili ghafi ambayo haijachakatwa, tumia RAW. Angalia pia isibadilishe lenzi katikati ya mfululizo, kutoka pana kwenda ya kawaida, kwa sababu programu itadhani lenzi ni moja na nukta hazitakutana kamwe.

Kama mistari ni laini na inajirudia kwenye kila kona ya picha, hilo ni giza la pembeni la lenzi. Hugin hulikokotoa na kuliondoa ukiiruhusu kuboresha mwanga pamoja na nafasi. Na kama anga lina doa kubwa la buluu nzito upande mmoja, ulisahau kutoa kichujio cha polaraiza. Kichujio hicho hufanya giza zaidi nyuzi 90 kutoka jua lilipo, na kwenye panorama pana doa halikwepeki. Kulisawazisha baadaye ni kazi ya brashi, pole pole, na mara nyingi alama inabaki.

Watu wasio na miguu

Mtu alitembea wakati unapiga, na mshono ukapita katikati yake. Kwa maski mweke mzima kutoka picha moja, au mwondoe kabisa kama picha jirani inaonyesha ukuta mtupu alipokuwa. Ukitaka mbele ya jengo pawe wazi, piga kila sehemu mara kadhaa kamera ikiwa haijasogea, kisha changanya picha hizo kwa njia ya kati, ambayo huchagua thamani ya katikati kwa kila pikseli, na wapita njia watatoweka. Waliokaa kwenye ngazi hawatatoweka. Waache, wamo.

Ukuta mweusi, anga jeupe, na mng'ao kwenye ukingo wa juu

Ukuta wa kaskazini uko kivulini, anga nyuma yake lina jua. JPEG yenye biti 8 haibebi vyote viwili. RAW ya biti 12 au 14 inabeba zaidi, ilimradi umepima mwangaza kwa ajili ya anga, maana kivuli kinainuliwa lakini weupe uliochomeka haurudi. Tofauti ikizidi uwezo wa sensa, piga kila sehemu mara tatu kwa mwangaza tofauti. Njia nyingine ni kubadili saa: muda mfupi baada ya jua kuzama, anga na ukuta vinakaribiana.

Fanya marekebisho ya msingi kwenye picha moja ya katikati, yanakili kwenye zote bila kubadilisha hata tarakimu, zitoe kama TIFF za biti 16, ndipo uziunganishe. Ukihariri kila picha peke yake umetengeneza upya ile mistari ya angani.

Mng'ao mweupe unaofuata ukingo wa juu wa ukuta unatoka kwenye vitelezi vya kuongeza utofauti wa karibu na kwenye uchanganyaji wa picha za mwangaza tofauti. Programu inalinganisha kila sehemu na jirani zake, na ukuta mweusi unalisukuma anga liwe jeupe. Punguza nguvu, au tenga anga kwa maski ili kitelezi kiguse ukuta tu. Ukiona mng'ao umeanza, rudi nyuma kidogo kuliko unavyodhani inatosha. Kwenye chapa ya ukubwa wa ukuta unaonekana kabla ya kitu kingine chochote.

Rangi ya jiwe inahitaji uangalifu wake. Travertino ile ilichimbwa karibu na Tivoli, na ni ya rangi ya maziwa yenye joto. Kivulini mizani ya rangi ya kiotomatiki huiacha ya kibuluu. Anzia kelvini 7,000 hivi, kisha sogeza kwa macho. Usilinganishe na picha za zamani za mtandaoni, kwa sababu ukuta ulisafishwa kwa maji kati ya mwaka 2013 na 2016, na ule weusi wa moshi wa magari unaouona kwenye picha za kabla ya hapo umeondolewa. Usiku taa zilizo ndani ya matao zina rangi yake na za barabarani zina yake. Hakuna mizani moja ya kuziridhisha zote, hivyo rekebisha anga na barabara kwa maski, uyaache matao na joto lake.

Mawe yamekuwa laini kama plastiki

Kipunguza chenga, yaani kifaa cha kufuta vidoadoa vya picha, kimezidi. Kinaona mashimo madogo ya travertino na chenga za ISO ya juu kama kitu kimoja, kinayafuta yote. Shusha nguvu yake hadi mashimo yarudi, hata kama chenga kidogo zinabaki angani, kisha safisha anga peke yake.

Vinoa-picha vya akili bandia vina kasoro mbaya zaidi: havifuti, vinabuni. Vinachora muundo wa jiwe unaopendeza mahali ambapo hapakuwa na jiwe lenye muundo huo. Vivyo hivyo kujaza pembe tupu za panorama kwa vifaa vya kubuni picha. Vikipewa kona ya Koloseo vitaongeza matao kadhaa mazuri, wakati mwingine upande uleule ambao umekuwa mtupu tangu tetemeko la 1349. Anga ijazwe, lami ijazwe, sina neno. Jiwe lisijazwe. Anayeitazama picha ya jengo la karibu miaka 2,000 anaamini kwamba kila shimo lilikuwepo siku ile, na ana haki ya kuamini hivyo.

Programu inauliza urefu wa fokasi, au inakataa kabisa

Picha zimepitia WhatsApp au njia nyingine ya kutumiana ambayo hupunguza ukubwa na kufuta taarifa za lenzi. Zitume upya kama faili, au zitoe kwenye kadi. Zikiwa zimepotea, andika mwenyewe urefu wa fokasi uliotumia. Ukikadiria vibaya kidogo, programu itasahihisha yenyewe endapo nukta zako ni nzuri.

Rangi zimepauka baada ya kupandisha, au faili haihifadhiki

Ulihariri katika nafasi ya rangi pana kama Adobe RGB na ukatoa faili bila kuibadilisha. Kwa mtandao toa sRGB, na uambatishe wasifu wa rangi ndani ya faili.

Panorama ya safu mbili inaweza kuwa kubwa kuliko unavyofikiri. JPEG haizidi pikseli 65,535 kwa upande, PSD ya Photoshop inakomea 30,000, na TIFF ya kawaida inaishia gigabaiti 4. Ukigonga ukuta huo, tumia PSB, faili ya Photoshop ya picha kubwa mno, au punguza panorama hadi asilimia 70, ambayo kwa picha za mkononi hupotezi kitu cha maana. Kunoa kufanyike mwishoni, baada ya kupunguza ukubwa.

Ukishamaliza, usihifadhi panorama pekee. Weka folda moja yenye RAW, zile TIFF, na faili ya mradi, ambayo kwa Hugin inaishia na .pto na ina uzito mdogo mno. Ndani yake ziko nukta zako zote na maski zote. Ukigundua baadaye kwamba namba imeruka kutoka 41 hadi 43, utafungua faili hiyo, utasahihisha jozi moja, na utatoa picha upya bila kuanza mwanzo.